Imani ya Aliyetoka Kundini

Mtu akihama kijiji huagwa. Majirani humletea unga wa njiani, wazee humwombea dua, na watoto humsindikiza mpaka njia panda. Mtu akiacha kazi hupewa mkono na wenzake, na aghalabu hupewa barua ya shukrani. Hata mfungwa akimaliza kifungo chake hufunguliwa mlango na kurudishiwa nguo zake. Lakini mtu anayetoka katika dini ya masharti makali haagwi na yeyote. Jana alikuwa ndugu wa watu mia mbili. Leo ni mtu mmoja, naye hana hata njia panda ya kusindikizwa.

Katika insha hii nataka kueleza maisha ya mtu huyo baada ya kutoka: hula na nani, humwomba nani, na huamini nini. Nayaeleza kwa sababu mimi ni mmoja wao. Tena miongoni mwa vijana watakaosoma kurasa hizi yamkini wamo wanaolifikiri jambo hili kwa siri, na wamo wengi zaidi ambao siku moja watakuwa jirani, mume, mke au mwajiri wa mtu wa namna hii. Ni vema wamjue kabla ya kumhukumu.

Bonde la Ufa la kati ni nchi ya makusanyiko. Mtu akisimama juu ya ukingo wa Menengai siku isiyo na ukungu, huuona mji wa Nakuru chini yake, na nyuma ya mji huliona ziwa likimetameta. Akigeuza uso upande wa magharibi huziona nyanda zikipanda polepole kuelekea Njoro, Elburgon na Molo, mpaka kwenye msitu wa Mau. Katika nchi hiyo yote ni vigumu kutembea saa moja bila kupita nyumba ya ibada. Mjini kuna misikiti, makanisa ya mawe, na mahekalu ya Wahindi na ya Masingasinga. Mashambani kuna makanisa ya mbao na ya mabati. Na ndani ya Menengai kwenyewe kuna mapango ambamo watu huenda kufunga na kuomba.

Wingi huu una sababu yake. Wamasai walihamishwa kutoka katika sehemu hizi kwa mkataba wa mwaka 1904, na ardhi ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Mashamba yakahitaji vibarua; familia nyingi za Wakikuyu na za makabila mengine zikaja kufanya kazi na kuishi juu ya ardhi isiyokuwa yao, wakaitwa maskwota. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa na kuuzwa, na watu wakaja tena kutoka pande nyingi. Mtu aliyekosa ardhi ya babu zake, na ambaye jirani yake ni mgeni kama yeye, hutafuta kitu cha kumfunga pamoja na wenzake. Wengi walikiona kitu hicho katika dini. Na kadiri dini ilivyokuwa na masharti mengi, ndivyo kamba ilivyokuwa imara.

Mfano mashuhuri ni ule wa Akurinu, ambao wengi huwaita Wakorino na huwatambua kwa vilemba vyao vyeupe. Walitokea katika nchi ya Wakikuyu katika miaka ya 1920, wakaitwa Watu wa Mungu, na Jomo Kenyatta aliwaandika kwa jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1938. Walijitenga na wamisionari, na wengi wao wakakataa vitu vya kigeni pamoja na dawa za hospitali. Mwaka 1934 polisi wa serikali ya kikoloni waliwapiga risasi na kuwaua watatu kati yao, mmoja wao akiwa Joseph Ng'ang'a. Baadaye wengi walihamia Bonde la Ufa, na mpaka leo vilemba vyao huonekana katika mitaa ya Nakuru. Makundi yao mengi yamelegeza miiko ya zamani, na siku hizi wamo kati yao walimu, wauguzi na wanafunzi wa vyuo vikuu. Nimewataja ili msomaji aone kwamba masharti makali si lazima yawe yamezaliwa na ujinga. Mara nyingi huwa ni ukuta uliojengwa na watu walionyang'anywa kila kitu kingine. Ukuta huo uliwalinda wazazi. Shida huanza pale watoto wanapokua ndani yake, wakauona mlango, wakauliza umefungwa kwa nini.

Kusanyiko nililozaliwa ndani yake lilikuwa dogo. Halikuwa tawi la Akurinu wala la dhehebu lolote lijulikanalo, nami sitalitaja jina lake, kwa maana wengi wa watu wake wangali hai, na hawakuomba kuandikwa vitabuni. Lilikuwa na nyumba zipatazo thelathini katika vilima vya juu ya Elburgon, ambako asubuhi za mwezi wa Julai umande huganda juu ya majani ya viazi. Tulilima viazi, njegere na pareto. Hatukupiga picha, hatukusikiliza redio, hatukuoa wala kuolewa nje ya kusanyiko, hatukuguswa na daktari wala kumeza dawa. Watoto walisoma mpaka mwisho wa shule ya msingi. Elimu iliyozidi hapo ilihesabiwa kuwa ngazi ya majivuno.

Haki inataka niyaseme na mema yake. Katika kusanyiko lile hapakuwa na mtu aliyelala njaa huku jirani yake ameshiba. Shamba la mjane lililimwa kwanza, ndipo watu wakaenda katika mashamba yao. Mkopo haukuwa na riba, na pombe haikuwa na mnywaji. Wafanyabiashara wa Nakuru walinunua magunia yetu ya viazi bila kuyafungua, kwa kuwa walijua hawatakuta viazi vidogo vimefichwa chini na vikubwa vimepangwa juu. Na tuliimba! Sijasikia tena, mahali popote, watu wakiimba bila ngoma wala kinanda na kuufanya mwili wa msikilizaji usisimke namna ile.

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomaliza darasa la nane aliuza ng'ombe, akanipeleka shule ya sekondari. Na kwa kosa hilo akakatazwa kusimama na kunena mbele ya kusanyiko kwa muda wa miaka miwili. Hakulalamika. Aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, akaimba kutoka huko.

Mwaka 1991 nilipata barua ya kuitwa katika chuo cha ualimu. Ndani ya barua mlikuwa na karatasi ya kujazwa na daktari, kwamba amenipima macho, kifua na damu, na ameniona mzima. Na pembeni palitakiwa pabandikwe picha yangu. Karatasi moja ilidai mambo mawili yaliyokatazwa. Wazee waliniita jioni, wakaisoma mara mbili, wakanirudishia. Hawakunitukana wala hawakupaza sauti. Mkubwa wao, ambaye ndiye aliyenipa jina nilipozaliwa, aliniuliza kama nitakwenda. Nikajibu kwamba nitakwenda. Akasema, "Basi, bwana, Mungu akuongoze."

Msomaji aliye nje hataona ukali wowote katika maneno hayo. Lakini sisi kwa sisi tuliitana ndugu na dada, toka mtoto mchanga mpaka ajuza. Bwana lilikuwa neno la adabu kwa mgeni: mnunuzi wa viazi, karani wa serikali, msafiri aliyepotea njia. Kwa neno moja la heshima nilikuwa nimekwisha kutolewa nje, na kila aliyekutana nami njiani asubuhi iliyofuata aliniamkia vizuri sana na kuniita bwana. Mama yangu peke yake ndiye aliyeniita kwa jina langu. Alinifungia viazi vya kuchemsha katika kitambaa, akashika mlango kwa mkono mmoja, wala hakutoka nje.

Watu wengi hudhani kwamba mtu akitoka katika dini yake, jambo gumu la kwanza ni kujua aamini nini. Sivyo. Jambo la kwanza ni mwili. Nilipoanza kazi na kupanga chumba katika mtaa mmoja wa Nakuru, niliamka saa kumi ya alfajiri kila siku kwa miaka mingi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu ya maombi. Magoti yalikwenda chini yenyewe kabla akili haijaulizwa. Siku ya ibada ilipofika sikujua la kufanya. Nilifua nguo, nikazianika, kisha nikatembea mpaka karibu na uzio wa mbuga ya ziwa, nikawatazama ndege waliotanda majini kama kitambaa cha waridi, nikarudi chumbani na jua lingali juu. Tulifundishwa kwamba radi humtafuta aliyetoka. Basi masika ya kwanza, wingu likitanda juu ya Menengai na kunguruma, mimi mwalimu niliyewafundisha watoto darasani kwamba radi ni umeme wa mawinguni, niliketi kitandani nikiwa nimeinua miguu. Kidonge cha kwanza nilichomeza kilikuwa cha maumivu ya jino. Nilikishika mkononi mpaka kikaanza kuyeyuka kwa jasho.

Jambo la pili ni watu. Mjini nilikutana na namna mbili za marafiki. Wa kwanza walifurahi kusikia habari za nilikotoka ili wapate kucheka. Walitaka niwaigize wazee wangu, wanavyotembea na wanavyosema. Wa pili walinihurumia, wakanialika katika makundi yao, ambayo mengine yalikuwa na masharti kama yale niliyoyaacha, ila yaliandikwa kwa wino mwingine. Wote walinikaribisha kwa ukarimu, lakini kwa wa kwanza nilipaswa kulipa kwa kuwatukana wazazi wangu, na kwa wa pili nilipaswa kulipa kwa uhuru wangu niliokuwa nimeupata juzi. Ilinipasa kungoja muda mrefu kabla ya kuwapata marafiki ambao hawakudai malipo.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo ni hatari. Mtu aliyelelewa katika sheria nyingi huzipokea zote kama fungu moja lililofungwa kwa kamba moja. Akiona ya kwamba sheria moja haina msingi, huenda akalitupa fungu zima. Kijana mmoja wa rika langu alitoka miaka mitatu baada yangu. Aliona kwamba mtu akipigwa picha hafi. Akaona kwamba redio haimleti shetani nyumbani. Akakata shauri kwamba na makatazo ya pombe, wizi na kutelekeza watoto yalikuwa hadithi za wazee vilevile. Mji ulimmeza kwa muda usiozidi miaka minne. Habari zake zilipelekwa mlimani kwa haraka, zikatumiwa kuwatisha vijana wengine. Walakini ndani ya kusanyiko hatukuwahi kufundishwa kupima sheria moja moja. Tulifundishwa kutii tu. Mtu asiyefundishwa kuogelea akizama, si haki kuyalaumu maji peke yake.

Kwa hiyo nilijiwekea desturi ya kulifungua fungu na kuitazama kila sheria peke yake. Niliiuliza kila moja maswali mawili: unamlinda nani, na unamuumiza nani? Sheria ya kulima kwanza shamba la mjane ilimlinda mjane, wala haikumuumiza mtu, nikaiweka. Sheria ya kutochanganya viazi vidogo na vikubwa nayo niliiweka, na nimeona kuwa inafaa hata katika kusahihisha mitihani. Sheria ya kukataa redio haikumlinda mtu, ila ilimwacha mkulima asijue bei ya pareto imeshuka, nikaiacha. Ile ya kukataa dawa ilidai uhai wa watu. Nikaiacha, wala sikuiacha kimyakimya. Kazi hii ya kupima ilinichukua miaka, na kwa kweli haijaisha.

Wazee wana methali wanayomrushia mtu kama mimi: mwacha asili ni mtumwa. Naiheshimu methali hiyo, maana imewaokoa wengi wasidharau lugha na wazazi wao. Lakini asili ni nini? Mto Njoro huanza katika msitu wa Mau na kumiminika katika Ziwa Nakuru. Asili yake ni mlimani, na maji yake ni yale yale ya mlimani, ingawa yamefika bondeni. Mababu zetu nao, kabla ya kusanyiko letu kuanzishwa, walikuwa na dini nyingine, na mwanzilishi wetu aliiacha ya baba yake ili aianzishe yake. Ikiwa kila aachaye ni mtumwa, basi hata yeye alikuwa mtumwa, na jambo hilo hakuna mzee aliyekuwa tayari kulikubali.

Tena watu wa namna hii hawakuzaliwa leo, wala hawakuzaliwa Kenya peke yake. Mwaka 1656, katika mji wa Amsterdam nchini Uholanzi, jumuiya ya Wayahudi ilimtenga kijana wa miaka 23, jina lake Baruch Spinoza, kwa sababu ya mawazo yake juu ya Mungu na maandiko. Watu walikatazwa kusema naye, kukaa naye chini ya dari moja, na kusoma aliyoyaandika. Hakuhamia dini nyingine, wala hakutumia maisha yake kulipiza kisasi. Alijipatia riziki kwa kusugua vioo vya miwani na darubini, na usiku aliandika. Alipokufa mwaka 1677 aliacha vitabu vinavyosomwa mpaka leo. Hapa kwetu, mwaka 1970, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati ule alijulikana kwa jina la James Ngugi, alisimama mbele ya mkutano wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki akatangaza kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Baadaye aliliacha na jina la James. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kati ya Wakenya zaidi ya milioni 47, watu 755,750 walisema kwamba hawana dini. Mimi sikuhesabiwa miongoni mwao, kwa sababu nitakazozieleza. Lakini wao ni raia, na dhamiri yao ni dhamiri.

Sheria imekwisha kulikubali jambo hili. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948, katika kifungu chake cha 18, linampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na linataja waziwazi uhuru wa kubadili dini. Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, katika Ibara ya 32, inamlinda mwenye kuamini, na inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Uhuru huu una makali pande zote mbili. Unanilinda mimi niliyetoka. Unamlinda na yule aliyebaki. Sina haki ya kumburuta mtu mzima nje ya imani yake, kama yeye asivyokuwa na haki ya kuniburuta ndani.

Walakini mtoto hajachagua. Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya chakula, makao, matibabu na elimu ya msingi, na inasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, manufaa yake ndiyo ya kutangulizwa. Mwaka 2023 nchi nzima ilijifunza kwa uchungu maana ya maneno hayo, wakati miili ya watu zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, ambako wafuasi wa kundi moja walikuwa wamefunga kula. Miongoni mwa waliofukuliwa walikuwamo watoto wengi. Mtu mzima aweza kusema kwamba amekubali njaa kwa ajili ya imani yake. Mtoto wa miaka mitano hakukubali kitu. Alinyimwa chakula tu.

Nami nililijua jambo hili kabla ya mwaka ule, kwa sababu lilinijia mlangoni. Dada yangu mdogo aliolewa ndani ya kusanyiko, na kwa miaka kumi na mmoja hakukanyaga nyumba yangu. Usiku mmoja wa Julai nilisikia mtu akibisha. Alikuwa yeye, na mgongoni alimbeba binti yake wa miaka minne. Mtoto alikuwa akihema upesiupesi, na chini ya mbavu ngozi ilizama kila alipovuta pumzi. Dada yangu aliniambia, "Kaka, tumeomba siku tatu. Mimi siwezi kuingia huko. Lakini wewe ni mjomba wake." Akamfungua mtoto kutoka mgongoni, akanipa.

Nilimchukua mpaka hospitalini. Dada yangu alinifuata nyuma, akafika kwenye lango, akasimama. Kukapambazuka yuko pale pale, ameketi ukutani amejifunika shuka, midomo yake ikisema maneno ambayo niliyajua yote kwa moyo. Mtoto alikuwa na kichomi. Alipigwa sindano na kutiwa hewa, na siku ya sita alitoka akitembea kwa miguu yake. Mama yake alimpokea langoni, akasema, "Mungu amemponya." Sikubishana naye. Nilimwona daktari akifanya kazi yake kwa macho yangu, na nilimwona mama akikesha katika baridi kwa macho yale yale. Alikuwa amevunja sheria kubwa kuliko zote alizofundishwa, akarudi mlimani akijua atakayoyakuta. Mtu akiniuliza ujasiri ni nini, humwonyesha dada yangu, wala sijionyeshi mimi niliyeondoka na barua ya chuo mfukoni.

Kwa mama yangu mambo yalikuwa mengine. Uzeeni macho yake yaliingia mtoto wa jicho. Nilimweleza kwamba upasuaji wake ni wa muda mfupi, na kwamba watu wengi hurudi wakiona. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, nimeishi na watu hawa miaka sitini. Nikiona, nitamwona nani?" Alikuwa mtu mzima mwenye akili zake timamu. Nilikuwa nimedai uhuru wa dhamiri yangu. Sikuweza kumnyima wake. Nilinyamaza, ingawa ulimi uliniwasha. Kusanyiko lilikuwa limelegea kidogo, likaniruhusu kumtembelea; na kwa kuwa hakuweza kusoma tena, nilimsomea Biblia. Hivyo aliyetoka ndiye aliyekuwa msomaji wa aliyebaki.

Alipenda kitabu cha Ruthu kuliko vyote. Siku moja nilimkumbusha kwamba Ruthu naye aliacha watu wake na miungu ya baba yake. Mama alicheka, akasema, "Ruthu alikwenda kwa Mungu. Wewe ulikwenda Nakuru." Kisha akawa kimya, akaniuliza kama ninasoma tu, au ninaamini. Nilimwambia kwamba ninasoma kwa ajili yake, na kwamba mengine katika hayo ninayosoma nayaamini. Akasema, "Niambie hayo mengine." Tukakaa mpaka taa ikahitaji mafuta.

Niliyomwambia ndiyo ninayomwambia msomaji. Naamini kwamba yupo Mungu, na kwamba hakuumba akili ya daktari ili aichukie. Naamini kwamba mjane alimiwe kwanza. Naamini kwamba mtu apimwe kwa yale anayoyatenda wakati hakuna mzee anayemtazama, wala hakuna radi inayomngoja. Siendi katika kusanyiko lolote kila juma. Mara nyingine huingia katika kanisa hili au lile, hukaa nyuma karibu na mlango, mahali pa baba yangu, nikaimba. Imani yangu ina vitu vichache kuliko ile niliyorithi, lakini hakuna hata kimoja ambacho sikukipima kwa mkono wangu, na kwa hiyo najua uzito wake.

Kijana unayesoma, ikiwa umo katika kundi la masharti makali, na dhamiri yako imeridhika, kaa kwa amani. Hakuna mtu mwenye haki ya kukucheka. Ikiwa dhamiri yako haikuridhika, usikimbie usiku mmoja kwa hasira. Soma kwanza, pata kazi ya kukulisha, tafuta watu wawili watatu unaoweza kuwaamini, na ujue kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Utakapotoka, usitupe fungu zima njiani, lifungue. Na ikiwa wewe hukuwahi kuwa ndani, lakini amekuja kuketi karibu nawe darasani mtu aliyetoka, usimwombe hadithi za kuchekesha, wala usimwandikishe upesi katika kundi lako. Mwulize amekula wapi siku ya ibada. Huenda hakula na mtu tangu aondoke nyumbani.